Tumekuja Kukataa

Kahawa haina adabu. Ikiiva, imeiva. Haimngoji mtu amalize kunyonyesha, wala haimuulizi mtu kama amelala vizuri.

Ndiyo maana Eneida Montezuma aliamka kabla ya jogoo. Alichemsha ndizi mbichi na wali kidogo. Alimvalisha Delfín, mwanawe wa miaka mitatu, viatu vya mpira. Alimlaza Yaneli, binti yake wa miezi minne, ndani ya kra, kile kiondo kikubwa cha nyuzi, akapitisha ukanda wake kwenye paji la uso, kra ikaning'inia mgongoni. Kisha akajifunga kikapu cha kuchumia kiunoni, juu ya gauni lake refu lenye pembetatu za rangi.

"Mama Delfín, fanya haraka," mumewe Eusebio akasema. "Nyapara ameshaanza kupiga kelele."

"Mwache apige. Koo ni lake."

Ndivyo alivyokuwa Eneida. Mikono yake ilichuma haraka kuliko mikono ya wanawake wote wa kambini, na ulimi wake uliitangulia mikono.

Kila mwaka kahawa ilipoiva, Wangäbe, watu wa kabila lake, walivuka milima na mpaka. Walitoka Panama wakaja Kosta Rika kuchuma katika mashamba ya Las Brumas. Familia ishirini zilikaa kwenye mabanda ya shamba la La Perdiz. Walichuma tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri. Saa tisa kila mtu alishuka na magunia yake mahali pa kupimia kahawa. Hapo ndipo palipokuwa na habari, utani na ugomvi wa siku nzima.

Alhamisi hiyo habari ilikuwa mbaya. Aliileta Elida, dada yake Eusebio, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, Osmel.

"Wifi, umesikia ya ng'ambo ya mto?" Elida akauliza, akitua gunia lake. "Mtoto wa miezi mitatu. Anakohoa, anakohoa, mpaka midomo inakuwa ya buluu. Akimaliza kukohoa anavuta pumzi kwa sauti, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Wamemkimbiza hospitali kubwa."

Eneida aliacha kufunga gunia. Aliijua sauti hiyo. Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake wa mwisho alikohoa hivyo kwa wiki tatu. Wiki ya nne walimzika.

"Hicho ni kifaduro," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

Eneida alimtazama Yaneli, aliyekuwa amelala ndani ya kra bila habari na mtu. Yaneli alikuwa amechanjwa mara moja tu, nyumbani, alipofikisha miezi miwili. Muuguzi wa kule alimwambia amrudishe baada ya miezi miwili mingine. Miezi hiyo ilikuwa imetimia wiki ileile.

"Kesho sichumi," Eneida akasema. "Kesho nakwenda zahanati."

* * *

Kutoka La Perdiz hadi zahanati ya Las Brumas ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Eneida alifika jasho likimtiririka, Yaneli mgongoni, Delfín mkononi. Kwenye dirisha alikaa karani mmoja kijana, jina lake Wilberth.

"Kadi ya mtoto?" Wilberth akauliza bila kuinua kichwa.

"Iko Panama, kwa mama mkwe wangu."

"Kwa nini umeiacha huko?"

Eneida alimshangaa. Swali gani hilo? "Kwa sababu ni kadi ya huko. Ya hapa si mtanipa nyinyi?"

"Bila kadi siwezi kujua nimwandike nini. Halafu leo Ijumaa. Chanjo ni Jumanne, saa mbili mpaka saa sita. Njoo Jumanne, na kadi."

"Jumanne saa mbili mpaka saa sita niko kwenye mibuni, baba."

"Ratiba ndiyo hiyo, mama."

"Na kifaduro nacho kina ratiba?"

Wilberth alimwita aliyekuwa nyuma ya Eneida. Eneida alisogea pembeni, akaegemea ukuta ili ampumzishe Yaneli. Ndipo alipoiona karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani.

Eneida alisoma hadi darasa la tatu tu. Lakini herufi alizijua, na namba alizijua. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole.

Karatasi ilikuwa na nguzo tatu zilizopakwa rangi. Juu yake paliandikwa: *Watoto waliokamilisha chanjo, kati ya kila watoto mia.* Nguzo ya kwanza ilikuwa ndefu: *Mjini, 96.* Ya pili ilikuwa ndefu pia: *Vijijini, 91.* Ya tatu ilikuwa fupi, imesimama pale kama kisiki: *Wangäbe wachumaji, 54.* Na chini ya kisiki hicho mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene nyekundu: *Wanakataa chanjo.*

Eneida alirudia kusoma ili awe na hakika. Kisha akarudi dirishani.

"Nani ameandika kwamba tunakataa?"

"Si mimi, mama."

"Sikukuuliza kama ni wewe. Nimekuuliza ni nani. Mimi hapa nimetembea saa mbili nikitaka chanjo, wewe umenikatalia. Sasa niambie, kati yangu na wewe, anayekataa ni yupi?"

Mama mmoja wa mjini kwenye foleni alijifanya anatafuta kitu mkobani. Wilberth aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, lakini ratiba ilibaki ileile. Eneida akarudi La Perdiz na mtoto ambaye hakuchanjwa. Njia nzima machozi ya hasira yalimtoka, na kila alipoyafuta yalitoka mengine.

* * *

"Hamsini na nne!" alipaza sauti jioni ile bandani. "Wametupanga ukutani kama mbuzi mnadani. Ati tunakataa!"

Eusebio alikuwa akimenya ndizi. "Mama Delfín, wape muda watu. Tutakwenda mwaka ujao nyumbani, tutamchanja huko."

"Mwaka ujao! Yaneli akiwa na nini? Na mbawa?"

Elida aliyekuwa mlangoni alicheka. "Wifi, usinitie kwenye hiyo hesabu yako. Mimi kweli nilikataa. Osmel alichomwa sindano ya kwanza, usiku mzima akawa na homa na kulia. Nikasema basi, mwanangu hachomwi tena."

"Kumbe ni wewe uliyetuharibia jina!"

"Jina lako liko wapi mpaka niliharibu? Hata karani halijui."

Walikuwa karibu kushikana wifi hawa wawili, mara mtu akabisha hodi. Alikuwa Mauricia Bejarano. Mauricia alikuwa Mngäbe kama wao. Alivaa gauni la pembetatu na viatu vya mpira, na kifuani alining'iniza kitambulisho cha zahanati. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani na kuwaunganisha watu wake na wauguzi.

"Nimesikia kuna mama aliyemfundisha Wilberth adabu," Mauricia akasema. "Nikajua hatoki mbali na hapa."

"Usinichekee," Eneida akajibu. "Wewe unakula mshahara wao. Ulipoona yale maandishi ulifanya nini? Uliyapigia makofi?"

Mauricia alitua mfuko wake. Hakukasirika. "Niliandika barua tatu. Niliomba wachanjaji waje huku saa tisa, saa ya kupima kahawa. Mara zote nimejibiwa kwamba gari halipo. Una haki ya kunigombeza. Lakini kwanza nionyeshe kadi za Delfín."

"Za hapa au za nyumbani?"

"Zote."

Eneida alitoa mfuko wa plastiki uliokunjwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kadi mbili, moja ya mwaka juzi na moja ya mwaka jana. "Ya tatu iko kwa mama mkwe wangu, Bibi Toribia, kwenye mkebe. Na ya Yaneli iko humohumo."

"Mbona hukumwonyesha karani hizi mbili?"

"Hizi zimeisha kazi," Eneida akasema, kana kwamba anamweleza mtoto. "Hii walinipa nilipokuwa shamba la Los Helechos. Hii nilipokuwa shamba la juu. Sasa niko La Perdiz. Tiketi ya debe la Los Helechos utaipeleka La Perdiz? Si watakucheka?"

Mauricia akajipiga paja. "Kumbe! Miaka sita nazunguka mashamba haya, na leo ndiyo nimeelewa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kazi ya kahawa kila shamba lina tiketi zake. Ukijaza debe unapewa tiketi ya shamba hilo. Ukihama shamba, tiketi za zamani hazina maana, unazitupa. Basi Wangäbe waliifanyia kadi ya chanjo vivyo hivyo. Walipofika shamba jipya waliomba kadi mpya. Ya nyumbani waliiacha nyumbani isilowe mvua.

"Sikilizeni," Mauricia akasema. "Tiketi ya debe ni ya shamba. Kadi ya chanjo ni ya mtoto. Mtoto akihama, kadi inahama naye. Akivuka mpaka, inavuka naye. Tazama hapa. Mwaka juzi Delfín alichanjwa, wakaandika dozi ya kwanza. Mwaka jana akachanjwa, wakaandika tena dozi ya kwanza, kwa sababu hawakuiona ya mwaka juzi. Na nyumbani?"

"Alichanjwa mara moja, alipozaliwa... hapana, alipokuwa na miezi miwili."

"Basi jumla ni dozi tatu. Hizo tatu ndizo anazopaswa kuzipata mtoto mdogo: miezi miwili, miezi minne, miezi sita. Lakini kwenye kitabu cha zahanati, Delfín wako ni watoto wawili. Kila mmoja ana dozi moja, na kila mmoja anahesabiwa hajakamilisha."

Eusebio aliacha kumenya ndizi. "Nina mtoto wa kiume mmoja nisiyeweza kumlisha, kumbe ninao wawili!"

Watu walicheka. Eneida hakucheka. Kichwani mwake kile kisiki cha ukutani kilikuwa kimeanza kutikisika.

* * *

Jumapili hakuna kuchuma. Eneida alipita banda kwa banda, akigonga kila mlango.

"Toeni kadi! Za mwaka huu, za mwaka jana, za enzi za babu, zote!"

Zilitoka chini ya magodoro. Zilitoka ndani ya sufuria na katika soli za viatu. Nyingine zilikuwa zimechorwa na watoto. Mauricia alizitandaza juu ya magunia matupu, za kila mtoto mahali pake. Kwa wale walioacha kadi nyumbani, alimpigia simu mwalimu wa kijijini kwao. Mwalimu akaenda kwa Bibi Toribia, maana nusu ya kijiji walimwachia yeye karatasi zao. Bibi aliishika simu mwenyewe.

"Nani anataka mkebe wangu?" alifoka. "Nimeutunza kuliko meno yangu!"

"Mama, mwache mwalimu azipige picha tu," Eneida akamsihi.

"Mlisema nizifiche. Nimezificha. Leo mnasema nizianike. Mna akili nyinyi?"

"Tulikosea, mama."

Bibi Toribia hakuzoea kumsikia mkwewe akikubali kosa. "Haya, azipige," akasema. "Lakini asizitie vidole vyenye mafuta."

Mchana ule picha zilifika. Eneida alikusanya tunda moja la kahawa kwa kila mtoto wa kambi: tunda jekundu kwa aliyekamilisha chanjo za umri wake, bichi kwa ambaye bado. Watoto walikuwa ishirini na sita. Kitabu cha zahanati kilisema waliokamilisha ni kumi na mmoja. Kadi zilipokusanywa pamoja, matunda mekundu yakawa kumi na manane.

"Mnaona!" Eneida akaruka. "Walitusingizia!"

"Haya mabichi manane je?" Mauricia akauliza.

Eneida alitazama. Moja lilikuwa la Yaneli. Moja la Osmel. Moja, alishangaa, lilikuwa la Delfín.

"Delfín si umesema ana tatu?"

"Tatu za utotoni anazo. Akipita mwaka mmoja kuna nyingine ya kuongeza nguvu. Hiyo hana. Dada yangu, hesabu yao ina makosa, na tutawaambia. Lakini kifaduro hakisomi hesabu yao wala yako. Kinatafuta tunda bichi."

Hapo Eneida alikaa chini. Ilimuuma. Alitaka kosa lote liwe la wale wa mjini, alibebe Wilberth peke yake mpaka mgongo umpinde. Sasa sehemu ya mzigo ilikuwa imerudi bandani kwake.

"Je, itabidi Yaneli aanze upya?" akauliza.

"Hapana. Chanjo haianzi upya. Hata ukichelewa, unaendelea pale ulipoishia. Na mtoto asiye na kadi hafukuzwi. Anachanjwa, anaandikiwa. Wilberth alikosea, na nitamwambia hivyo mbele yako."

"Na homa?" Elida aliuliza kwa sauti ya chini. Utani ulikuwa umemwisha.

"Homa ya siku moja au mbili inakuja, na mkono au paja kuuma. Unamnyonyesha, unampunguzia nguo, unamuuliza muuguzi dawa ya kumtuliza. Ikizidi siku mbili au mtoto akilegea, unamleta haraka. Ni nusu shari, dada. Shari kamili ni ile iliyo ng'ambo ya mto."

"Mafua kidogo je? Osmel ana kamasi."

"Kamasi hazizuii. Na wewe mwenyewe utachanjwa. Mama mjamzito akichanjwa, anamkinga mtoto angali tumboni, kwa ile miezi miwili ya kwanza ambayo hajaweza kuchanjwa."

Elida alimpakata Osmel kwa nguvu. "Nilimwonea huruma alivyolia," alisema.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Eneida akamjibu. Kisha akaona wifi yake anafuta machozi, akamsogelea, akamfuta pua Osmel kwa pindo la gauni lake mwenyewe.

Mauricia alianza kukusanya kadi. "Nitaandika barua ya nne," alisema.

"Barua gani!" Eneida akasimama. "Wamesema Jumanne saa mbili. Jumanne saa mbili tutakwenda. Wote."

"Jumanne mibuni ni myekundu tupu," Eusebio akasema. "Nyapara atatunyang'anya mistari ya mibuni tuliyopangiwa."

"Atanyang'anya mistari ya akina mama kumi na wawili, katikati ya msimu? Atachuma na nani, na shangazi zake?"

Eusebio alikuna kichwa. Aliwatazama wanaume wenzake. "Sisi tutashika mistari yenu," alisema mwishowe. "Tutachuma ya kwetu na ya kwenu. Nendeni."

* * *

Jumanne alfajiri nyapara, Don Chalo, aliwakuta akina mama kumi na wawili wamejipanga barabarani bila vikapu. Watoto walikuwa wengine ndani ya kra, wengine mgongoni, wengine wameshika mapindo.

"Mnakwenda wapi? Kahawa inaanguka!"

"Kahawa ikianguka, Don Chalo, utainama uiokote," Eneida akasema. "Mtoto akianguka nitamwokota wapi?"

Don Chalo akasogea kando ya barabara. Alikuwa na wajukuu. Msafara ukapita.

Wilberth aliona gauni la kwanza la pembetatu likiingia mlangoni. Kisha la pili. Lilipoingia la saba alisimama. Watoto ishirini na sita walijaza ukumbi kwa makamasi, vicheko na vilio. Watu wa mjini walisogeza miguu.

"Mama, leo kuna namba kumi tu za foleni," Wilberth akasema. "Na nyinyi..."

"Sisi ni Wangäbe wachumaji," Eneida akamkatiza. Alionyesha karatasi ya ukutani. "Hapo mmeandika kwamba tunakataa chanjo. Basi leo tumekuja kukataa. Angalieni vizuri tunavyokataa."

Akakaa sakafuni katikati ya ukumbi, akamtoa Yaneli kwenye kra, akaanza kumnyonyesha. Akina mama wengine nao wakakaa. Elida, na tumbo lake, alikaa mbele kabisa ya mlango wa chumba cha chanjo.

Mlango huo ukafunguliwa. Alitoka muuguzi mkuu, Doña Roxana, mwanamke mnene mwenye mvi na macho ya uchovu.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna kosa la hesabu," Mauricia akasema. Alimpa Doña Roxana orodha ya majina, na kadi zikiwa zimefungwa pamoja kwa uzi, za kila mtoto peke yake. "Watoto wa La Perdiz waliokamilisha si kumi na mmoja, ni kumi na wanane. Hawa wanane ndio waliobaki. Na mama yule mjamzito."

Doña Roxana alivaa miwani. Alifungua kadi za Delfín, akazilinganisha. Alifungua za mtoto mwingine, na mwingine. Alisoma kwa muda mrefu.

"Nani aliandika kwamba tunakataa?" Eneida aliuliza kutoka sakafuni.

Doña Roxana alivua miwani.

"Ni mimi," alisema. "Mwaka jana nilipanda huko kwenu mara tatu. Nilibeba kisanduku cha chanjo mabegani. Mara zote nilikuta milango imefungwa. Nikasema hawa wamejificha."

"Ulikuja saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne asubuhi."

Akina mama wakaangua kicheko, hata Yaneli akashtuka.

"Doña Roxana," Eneida akasema, "saa nne asubuhi mchumaji hamfungulii mtu mlango, hata mauti. Tuko kwenye mibuni! Ungekuja saa tisa, mahali pa kupimia, ungetukuta sote na magunia yetu. Ungetuchanja mpaka sindano zikuishie."

"Hakuna aliyeniambia."

"Barua tatu," Mauricia akasema taratibu.

Doña Roxana aliinamisha macho. Labda barua zilifika kwake, labda zilikaa kwenye meza ya mtu mwingine. Hakujitetea. Alimgeukia Wilberth. "Achana na namba. Waandike wote. Na kuanzia leo mtoto asirudishwe kwa kukosa kadi, umenielewa?"

"Nimeelewa," Wilberth akasema.

Yaneli alikuwa wa kwanza. Alilia kilio kimoja kikubwa, kisha akakumbuka ziwa. Delfín alifumba macho, akahesabu mpaka tatu, akafumbua na kuuliza, "Bado?" Tayari alikuwa ameshachomwa. Osmel alipiga mayowe yaliyosikika hadi barabarani, na mama yake akalia pamoja naye, lakini hakuondoka. Mwishoni Elida akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe.

* * *

Osmel alipata homa usiku ule. Kesho yake jioni ilipoa. Alhamisi alikuwa anakula udongo kama kawaida yake.

Baada ya hapo, kila Alhamisi ya pili, saa tisa alasiri, Doña Roxana na Mauricia walipanda La Perdiz. Waliweka kisanduku cha baridi kando ya debe la kupimia. Kahawa ikipimwa huku, mtoto anachanjwa kule. Mashamba mengine yalisikia, yakaomba nayo. Akina mama walishona vifuko vidogo vya nyuzi vyenye plastiki ndani, vya kuwekea kadi, wakavifunga kwenye kra. Mvua ikanyesha ilivyotaka.

Kifaduro kilivuka mto, kama Eneida alivyohofia. Mwezi uliofuata watu wazima wawili wa kambini walikohoa wiki nyingi. Delfín hakukohoa. Yaneli alikohoa siku chache, kikohozi chepesi, na Eneida hakumwondoa kifuani siku zote hizo. Mauricia alimwambia dozi mbili ni ngao ambayo haijakamilika, ya tatu ndiyo inayoikaza. Alipofikisha miezi sita, Yaneli aliipata ya tatu, kando ya debe la kahawa. Elida alijifungua msichana. Katika mabanda yale hakuna mtoto aliyepelekwa hospitali kubwa.

Msimu ulipoisha, Eneida alipitia zahanati kabla ya kupanda basi la kwenda nyumbani. Kwenye dirisha aliweka kadi mbili kabla hajaulizwa. Wilberth akazitazama, akatabasamu, akazirudisha kwa mikono miwili.

Doña Roxana alikuwa amesimama mbele ya karatasi mpya ukutani. Nguzo ya tatu ilikuwa imepanda: *Wangäbe wachumaji, 87.* Mkononi alikuwa na karatasi ya zamani, iliyokunjwa, tayari kwa ndoo ya taka.

"Usiitupe," Eneida akasema. "Nipe hiyo kalamu yako nyekundu."

"Ya nini? Mambo yameshakwisha, Eneida."

"Kwako. Walioisoma mwaka mzima wako nje huko, na bado wanaamini."

Doña Roxana alisita, kisha akampa kalamu na kuibandika karatasi ya zamani kando ya ile mpya. Eneida alikata neno *Wanakataa* kwa mstari mmoja, bila kulifuta, ili kila mtu aone kwamba liliandikwa na likakatwa. Chini yake, kwa mwandiko wake wa darasa la tatu, herufi moja baada ya nyingine, kubwa kuliko za muuguzi, aliandika: *Hawakufikiwa.*

Akarudi nyuma hatua mbili, akasoma. Kisha akasogelea karatasi mpya. Kando ya namba 87 aliandika: *Bado kumi na watatu. Njooni saa tisa.*

"Umeniharibia chati yangu," Doña Roxana akasema.

"Nimekusahihishia," Eneida akasema. Akampa kalamu yake, akamweka Yaneli vizuri ndani ya kra, akaenda kuwahi basi.